Plagini ya Mwangwi na Ngazi za Tassia

Wiki niliyokabidhi funguo za ofisi, vijana ninaowaachia kazi waliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiifanya kabla wengi wao hawajazaliwa. Nadhani walitarajia ukurasa mmoja. Mimi ni mtu wa kulifikiria jambo mpaka jambo lenyewe lichoke, kwa hiyo watanisamehe.

Kazi yangu naweza kumweleza mtu yeyote sokoni, na nimewahi kufanya hivyo. Studio hurekodi muziki kwa kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna programu kubwa ya kurekodi, na programu hiyo hukaribisha programu ndogo ndogo ziitwazo plagini: moja huongeza besi, nyingine hupunguza kelele, nyingine huipa sauti mwangwi ili mtu aliyeimba ndani ya chumba kidogo asikike kana kwamba yuko kanisani. Kuna siku plagini hukataa kufunguka, na mwenye studio hukaa akiutazama ujumbe wa makosa kama anayetazama barua ya talaka. Hapo ndipo nilipokuwa nikiitwa. Mama mmoja muuza nyanya alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe wewe ni fundi wa chumvi. Chakula kipo, lakini hakiliki mpaka uje." Sijapata maelezo bora kuliko hayo, na sikuyapata chuo kikuu.

Nilianza mwishoni mwa miaka ya tisini, mtaa wa Buruburu, Nairobi, nikiwa na shahada mpya ya hesabu na kompyuta, na hofu ya karibu kila kitu. Studio ilikuwa katika chumba cha nyongeza, vile vyumba ambavyo watu wa Buruburu huvijenga mbele ya nyumba mpaka jua linasahau njia ya kuingilia. Siku yangu ya kwanza nilisimama nje ya geti nikijiuliza kama nigonge kwa mkono, ambapo huenda nisisikike, au kwa kufuli, ambapo huenda nikaonekana mkali. Kabla sijaamua, geti likafunguka.

"Wewe ndiye Mwende?" aliuliza mtu mnene aliyevaa kofia. "Nimekuwa nikikuona kwa dirisha. Nilidhani unapima geti letu ulinunue."

Huyo alikuwa Otieno, mwenye studio na mwalimu wangu. Alikuwa amepiga gita katika bendi ya hoteli, akasomea ufundi wa sauti, akarudi Eastlands, mitaa hii ya mashariki mwa jiji, kwa sababu, alivyosema, huku ndiko waimbaji walikokuwa. Tangu siku ile aliniita Prof. Hakukuwa na ubaya ndani yake, lakini kila aliponiita hivyo nilijiuliza kama ni sifa au ni pole.

Kompyuta ilikuwa moja na ilikuwa na kazi mbili. Asubuhi ilikuwa ya Mama Mwikali, mama wa Kikamba aliyejua wazazi wangu kutoka kanisani, ambaye aliwachapia watu barua, matangazo ya vikundi na kadi za mialiko. Mchana ilikuwa yetu, ya muziki. Katikati, wakati wa kubadilishana, palikuwa na makombo ya mandazi kwenye kibodi. Kifaa cha kwanza nilichokabidhiwa katika taaluma hii kilikuwa brashi ya kupakia mafuta chapati. Cha pili kilikuwa bisibisi. Niliitunza ile brashi mpaka nywele zake zikaisha.

Somo la kwanza la Otieno nililipata baada ya kuharibu mchana mzima. Programu ya kurekodi ilikuwa inakufa kila ikifunguliwa, pale inapohesabu plagini zake. Mimi nilikuwa nimeandika dhana saba, nimezipanga kwa uwezekano, na sijagusa kitu.

"Prof, ugonjwa ni mmoja, na wewe una hospitali nzima," alisema. "Toa nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya plagini. Ziweke kando, kwa folda nyingine. Fungua programu. Ikifunguka, mwizi yuko katika nusu uliyotoa. Ikikataa, bado yuko ndani. Kisha unaigawa hiyo nusu tena."

Nikafanya. Tuligawa, tukagawa, mpaka ikabaki moja, plagini ya besi iliyonakiliwa kutoka diski yenye mikwaruzo. Tukaifuta, programu ikafunguka. Njia hiyo nimeitumia maisha yangu yote. Niliwahi kuijaribu nyumbani kutafuta ni mtoto yupi aliyemaliza maziwa, ikashindikana. Watoto husaidiana, plagini hazisaidiani.

Somo la pili lilikuwa la watu. Plagini inapokataa, alisema Otieno, mara nyingi kuna kitu kimebadilika tangu jana, na mara nyingi aliyekibadilisha hajui. Ukimjia umekunja uso, atakwambia hajagusa chochote, naye atakuwa anasema kweli kwa namna anavyoona. "Kaa naye. Mwache akusimulie siku yake. Kitu chenyewe kitapita katikati ya hadithi kikiwa kimevaa nguo za kawaida." Nililisikia hilo nikaona ni maneno ya mpiga gita. Nilichelewa kulielewa, na kuchelewa kwenyewe ndiko ninakotaka kuwasimulia.

Mwaka ule tulirekodi kwaya moja kutoka mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Wengi wao walikuwa watu kutoka magharibi mwa nchi waliofanya kazi za viwandani, ng'ambo tu ya nyumba zao. Kuwapata wote kwa pamoja ilikuwa kazi, kwa sababu wa zamu ya mchana walipotoka ndipo wa usiku walipokuwa wanaingia. Walikuja siku ya sikukuu, viwanda vikiwa vimefungwa, wakiwa wamevaa sare zao za kijani, wakajipanga katika chumba chetu mpaka wa mwisho akaimba akiwa ameegemea mlango wa choo. Kuta tulikuwa tumezifunika kwa mablanketi na trei za mayai ili kelele za nje zisiingie. Chumba cha namna hiyo hurekodi sauti kavu kabisa, kama watu wanaoimba ndani ya gunia. Hatukujali. Tulikuwa na plagini ya mwangwi.

Aliyewaongoza aliitwa Shiundu, na sote tulimwita Mwalimu, ingawa kazi yake ya mchana ilikuwa kushona kingo za mablanketi katika kiwanda kimoja. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyeongoza kwaya kwa nyusi tu. Nyusi zikipanda, soprano wanapanda.

Wiki chache baadaye alikuja peke yake, siku ya Alhamisi, akiwa na kofia mkononi.

"Otieno ndugu yangu," alisema, "kaseti imefika wapi?"

"Nyimbo zimerekodiwa zote, Mwalimu. Imebaki kuzipika, yaani kuzichanganya na kuzipa mwangwi. Mwisho wa mwezi utachukua."

"Mwisho wa mwezi sitakuwa hapa. Kiwanda kimetupunguza. Jumapili asubuhi napanda basi na mke wangu na vyombo. Narudi nyumbani kabisa."

Tulimpa pole. Mama Mwikali, ambaye alikuwa anakusanya karatasi zake, aliketi tena.

"Pole si neno," Shiundu alisema. "Shamba lipo, sitalala njaa. Shida yangu ni mzee wangu. Kila Krismasi baba ananiuliza, 'Huko Nairobi hasa unafanya nini?' Nikimwambia nashona blanketi, anasema blanketi hata hapa zipo. Nikimwambia nafundisha kwaya, anasema hajaisikia. Sasa narudi kwake na nywele nyeupe. Nikifika bila hiyo kaseti, nitamjibu nini?"

"Jumamosi jioni utaipata," Otieno alisema. Alisema upesi sana. Mimi sijawahi kuahidi kitu bila kufikiria kwanza jinsi kitakavyoshindikana.

Kilishindikana ndani ya nusu saa. Otieno alifungua nyimbo za kwaya, na programu ikatoa ujumbe kwamba plagini ya mwangwi imeshindwa kufunguka. Tukasikiliza hivyo hivyo. Kwaya ile nzuri, iliyotusimamisha nywele siku ya sikukuu, ilisikika kama mkutano wa watu walioshikwa na mafua.

"Hii si kwaya," Otieno alisema. "Hii ni foleni ya zahanati. Prof, ni yako."

Nilianza vizuri. Nikatoa nusu, lakini zilizobaki zote zilifunguka, na zilizotolewa zote zilifunguka, isipokuwa hiyo moja. Nikaangalia kama imehamishwa folda, ilikuwa palepale. Nikaifuta nikaipakia upya kutoka kwenye diski yake. Ikakataa. Nikafungua kompyuta nikapangusa vumbi kwa brashi, jambo ambalo halikuhusiana na chochote, lakini mikono ilitaka kazi.

Baada ya hapo akili yangu ikapanda ngazi bila mshiko. Siku hizo watu wote walikuwa wanaongea juu ya mwaka wa elfu mbili, kwamba kompyuta hazitaweza kuhesabu tarehe na kila kitu kitasimama, kuanzia benki mpaka ndege. Nikashawishika kwamba janga lile limeanza mapema, tena limeanzia Buruburu. Nililala nikiliwaza, na Ijumaa asubuhi nikamweleza Otieno kwa utaratibu, na mchoro.

"Kwa hivyo," alisema akiutazama mchoro, "dunia nzima inaisha, na imeanza na plagini yangu."

"Ni dhana tu."

"Umeongea na Mama Mwikali?"

"Kuhusu mwaka wa elfu mbili?"

"Kuhusu jana, Prof! Kuhusu jana!"

Basi nikaenda kuketi na Mama Mwikali. Nilikuwa nimetayarisha maswali, lakini sikuyahitaji. Nilimsalimia, nikamuuliza wiki ilikuwaje, akaanza.

"Wiki ya aibu tupu, mwanangu. Kuna hawa akina mama wa chama cha kule chini. Nimewachapia tangazo la mkutano wao. Si unajua ile mashine inaweza kujiandikia tarehe yenyewe juu? Wiki hii ndiyo nimeijaribu mara ya kwanza. Tangazo likatoka limeandikwa Februari. Na sasa tuko Agosti! Wakabandika hivyo hivyo. Wanachama wakaja kuniuliza kama mkutano ulishapita na kama waliokosa watatozwa faini. Mwenyekiti amenijia hapa, ameniita mzembe mbele ya wateja."

"Ikawaje?"

"Ikawaje nini? Nikaenda kule kwa saa ya kompyuta nikairekebisha. Nikaweka tarehe ya leo. Sasa inasema ukweli."

Nilirudi kwa Otieno nikamwambia kwamba sijapata kitu, isipokuwa kwamba kompyuta ilikuwa na tarehe isiyo sahihi, na Mama Mwikali ameirekebisha, kwa hiyo hilo angalau limepona.

Otieno alivua kofia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kipara chake.

"Ameweka Agosti?"

"Si ndiyo tuko Agosti?"

"Sisi tuko Agosti. Ile plagini iko Februari!"

Ndipo akanieleza. Waliotengeneza plagini ile walimruhusu mtu kuijaribu kwa mwezi mmoja kabla ya kuinunua. Otieno alikuwa ameiagiza ng'ambo, na kifurushi kilikuwa kinasafiri kwa namna vifurushi vya siku hizo vilivyosafiri, yaani kwa kutafakari. Mwezi ulipokaribia kwisha, alirudisha kalenda ya kompyuta Februari mosi. Ulipokaribia kwisha tena, akairudisha tena. Miezi sita kompyuta yetu ilikuwa inaishi Februari ileile, bila kuzeeka. Tarehe haikuonekana kwenye skrini, ilionekana saa tu, na saa ilikuwa sawa. Hakuona haja ya kuniambia, kwa sababu kwake ilikuwa kama kumwambia mtu kwamba mlango wa jikoni husukumwa kwa goti. Naye Mama Mwikali alikuwa ameitendea mashine haki, na haki hiyo ndiyo iliyoua mwangwi. Katika kazi hii nimekuta kila aina ya hitilafu. Hiyo peke yake ndiyo niliyoikuta ikisababishwa na kitu kuwa sahihi.

Tulirudisha Februari. Plagini ikasema muda wa majaribio umekwisha. Tukaifuta kabisa, tukaipakia upya, ikasema vilevile. Ilikuwa imeshaiona Agosti, na haikukubali kudanganywa tena. Vijana wangu wanajua maoni yangu kuhusu michezo hiyo: nunua, au uishi bila. Siku ile tulijikuta katika hilo la pili bila kuulizwa.

Mama Mwikali alikuja akasimama mlangoni. "Ni mimi nimeharibu kaseti ya Mwalimu?"

"Hapana, mama," Otieno alisema. "Ni mimi niliyekaa Februari."

Alimpigia simu kila mwenye studio aliyemjua. Mmoja alikuwa na plagini kama ile, lakini mashine yake ilikuwa imekufa. Mwingine alikuwa nayo, lakini alikuwa na wateja mpaka Jumatatu. Otieno akaketi. Sikupenda kumwona ameketi. Alikuwa mtu wa kusimama.

Mimi nilikuwa nimeanza kuwaza tena, na kuwaza kwangu huwa hakuombi ruhusa. Niliwaza mwangwi ni nini hasa. Plagini ilikuwa hesabu tu iliyojifanya ukumbi: sauti inagonga ukuta, inarudi imechoka kidogo, inagonga ukuta mwingine. Hesabu tulikuwa tumenyimwa. Lakini kuta hatukunyimwa. Nikaanza kuhesabu kichwani kuta zote nilizozijua. Kanisa letu lilikuwa na dari ya mbao na mapazia. Ukumbi wa shule ulikuwa na mitihani. Kisha nikamkumbuka binamu yangu aliyehamia mtaa wa Tassia, kwenye mojawapo ya zile nyumba za ghorofa zilizokuwa ndiyo kwanza zinajengwa. Ngazi zake zilikuwa saruji tupu kuanzia chini mpaka juu, hazijapakwa rangi, na nusu ya milango haikuwa na wapangaji. Nilipomtembelea nilikohoa ghorofa ya kwanza, nikajisikia nikikohoa ghorofa ya nne, nikaona aibu mpaka nikamaliza ngazi nikiwa nimebana pumzi.

"Otieno," nilisema, "tukiwapeleka kwaya Tassia je?"

"Kwaya iko kazini, Prof. Zamu."

"Si watu. Sauti zao. Tuweke spika chini ya ngazi, tucheze nyimbo. Maiki tuiweke juu. Kompyuta ikicheza huku inarekodi kinachorudi. Huo ndio mwangwi. Tukirudi hapa tunauchanganya na ule wimbo mkavu." Kisha, kwa sababu mimi ni mimi, nikaongeza: "Lakini huenda kukawa na vumbi, au stima ikapotea, au ndege zikapita, kwa sababu uwanja uko karibu, au mwenye nyumba akatukataza, au maiki ikaanguka kutoka ghorofa ya nne ikampiga mtu."

Otieno alikuwa ameshavaa kofia na alikuwa anachomoa nyaya.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi kwa pikapu ya ndugu yake, kompyuta ikiwa imevikwa mablanketi ya studio, nami nimeikumbatia nyuma kama mgonjwa. Mtunza nyumba wa Tassia alitutazama tukishusha.

"Mnahama?"

"Tunarekodi muziki kwa ngazi zako, boss," Otieno alisema.

"Kwa nini ngazi? Kuna vyumba vitupu, nipeane kimoja."

"Chumba hakina mwangwi."

Yule bwana alipiga makofi mara moja, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Miezi mitatu wapangaji wananilalamikia hii kelele," alisema. "Leo nimepata watu wameifuata." Akaturuhusu kutumia soketi yake.

Mafundi walikuwa wanapiga nyundo ghorofa ya juu. Otieno aliwaomba, nao wakakubali kutunyamazia wakati wa kula, si dakika moja zaidi. Tulisubiri. Niliifunga maiki kwenye reli ya ghorofa ya nne kwa kamba ya kuanikia, kisha kwa kamba ya pili, kisha Otieno akaninyang'anya ya tatu.

Nyundo ziliponyamaza, Otieno akabonyeza mashine huko chini.

Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa juu, karibu na maiki, nimekatazwa kupumua. Zile sauti kavu zilitoka kwenye spika huko chini, zikagusa ukuta wa kwanza, na zikaanza kupanda. Kufikia ghorofa ya pili zilikuwa zimekwisha kuwa watu. Kufikia kwangu walikuwa wengi kuliko waliokuja studio. Soprano walipopanda, walinipita wakaenda kugonga bati la juu wakarudi. Nilisahau kuogopa ndege, na kweli moja ilipita, lakini ilipita katikati ya nyimbo mbili, kwa adabu.

Wimbo wa mwisho ulipokuwa unaisha, ule mwangwi bado unafifia taratibu, mlango ukafunguliwa ghorofa ya tatu na mama mmoja akaita kwa sauti safi kabisa:

"Nani anaimba huko chini?"

Nikafumba macho. Otieno akasimamisha mashine. Kabla hatujarudia, nyundo zikaanza.

Studio tulijaribu kuiondoa ile sauti. Haikuondoka. Alikuwa ameuliza ndani ya mwangwi wenyewe, na ukimkata yeye unaukata mwisho wa wimbo kama kwa panga. Shiundu alipofika jioni nilikuwa nimeshatayarisha maelezo marefu. Otieno alisema tu, "Sikiliza kwanza, Mwalimu."

Alisikiliza amesimama. Nyusi zake zilikuwa zinaongoza. Zilipanda walipopanda, zikashuka waliposhuka. Mwisho, yule mama akauliza swali lake, nami nikaanza: "Hapo samahani sana, Mwalimu, kuna mtu alitoka nyumbani kwake, na tungeweza labda kupunguza..."

"Ni nani huyu?"

"Hatumjui. Ni mpangaji tu."

"Alikuja kusikiliza?"

"Alifungua mlango."

Shiundu alifikiri kidogo. "Muacheni," alisema. Akachukua kaseti, akaifunga ndani ya leso, leso akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Alituaga kwa mkono sote watatu, mkono wa Mama Mwikali akaushika kwa mikono yake miwili, kwa sababu mama alikuwa analia na kujilaumu kwa Kikamba.

Kile kifurushi cha ng'ambo kilifika wiki kadhaa baadaye. Plagini halali, diski inang'aa, na kompyuta yetu ikaruhusiwa kuishi mwaka wa watu wengine. Otieno aliniambia niwapikie kwaya upya, safi, tuwatumie. Nilikuwa ndiyo nimeanza Shiundu alipopiga simu, kutoka kibanda cha simu sokoni kwao. Nilisikia mbuzi nyuma yake.

Nilimwambia habari njema: tumepata mwangwi wa kweli, tutamtumia kaseti nyingine bila ngazi, bila yule mama.

"Hapana, Mwende, usinitolee huyo mama," alisema haraka, maana sarafu zilikuwa zinaisha. "Baba yangu anaicheza kila jioni. Ikifika pale mwisho, yule mama akiuliza nani anaimba, mzee anabonyeza redio inasimama. Anajibu, 'Ni mtoto wangu.' Halafu anairudisha mwanzo."